Kurekebisha probu ya osiloskopu

Kurekebisha probu ya osiloskopu ni kazi ya kusawazisha kapasita ndogo iliyomo ndani ya probu ili probu hiyo ioane na chaneli ya osiloskopu iliyounganishwa nayo. Kazi hii huhusu hasa probu pasivu za kupunguza mara kumi, yaani probu zisizohitaji umeme wake zenyewe na zinazopeleka kwenye osiloskopu sehemu moja ya kumi ya volteji inayopimwa. Probu iliyorekebishwa hupunguza ishara zote kwa kiasi kilekile, ziwe zinabadilika polepole au haraka. Probu isiyorekebishwa huonyesha wimbi lenye umbo au kimo kisicho sahihi, hata kama osiloskopu yenyewe ni nzima.

Kazi yenyewe huchukua muda mfupi. Inahitaji bisibisi ndogo na wimbi mraba la kilohezi 1, ambalo osiloskopu nyingi hulitoa kwenye kituo kidogo cha chuma upande wa mbele.

## Tofauti kati ya urekebishaji na ugezi

Watu wengi huita kazi hii "kukalibreti probu", lakini si sawa na ugezi kamili. Ugezi ni kulinganisha kifaa cha kupimia na kipimo sanifu kinachojulikana usahihi wake, kisha kuandika tofauti iliyoonekana. Hufanywa katika maabara maalumu, na kwa kawaida hutolewa cheti.

Kurekebisha probu hakuhitaji kipimo sanifu. Mtumiaji haangalii kama volteji iliyoonyeshwa ni sahihi, bali anaangalia umbo la wimbi: je, wimbi linalojulikana kuwa mraba linaonekana mraba? Kwa sababu hiyo probu inaweza kuwa imerekebishwa vizuri na bado ikawa na kosa la asilimia 1 au 2 katika kiwango cha volteji, kutokana na tofauti ndogo za rezista zake.

## Muundo wa probu

Probu ya kawaida ya mara kumi ina sehemu nne: ncha ya kugusia saketi, waya mfupi wa ardhi wenye kibanio, kebo, na plagi ya BNC inayoingia kwenye osiloskopu. Karibu na ncha kuna rezista ya megaomu 9. Ndani ya osiloskopu, kila chaneli ina ukinzani wa megaomu 1 kati ya ishara na ardhi. Rezista hizi mbili zimepangwa mfululizo, hivyo hugawana volteji kwa uwiano wa 9 kwa 1, na osiloskopu hupata sehemu moja ya kumi.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba saketi inayopimwa "inaona" mzigo wa megaomu 10 badala ya megaomu 1. Aidha, volteji kubwa hupunguzwa kabla ya kufika kwenye kifaa.

Kama umeme ungekuwa wa mkondo mnyoofu tu, rezista hizo zingetosha. Lakini kebo, plagi na mlango wa osiloskopu vyote vina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme. Mlango wa osiloskopu huwa na takriban pikofaradi 10 hadi 25, na kebo huongeza makumi kadhaa zaidi. Chaji ya kujaza kapasitansi hiyo ikilazimika kupita kwenye rezista ya megaomu 9 peke yake, ishara zinazobadilika haraka hazifiki kwa wakati. Ili kuondoa tatizo hilo, watengenezaji huweka kapasita sambamba na rezista ya megaomu 9. Mabadiliko ya haraka hupita kwenye kapasita hiyo, na yale ya polepole hupita kwenye rezista.

Mojawapo ya kapasita za probu hutengenezwa iweze kubadilishwa kwa skurubu. Katika baadhi ya probu skurubu hiyo iko kwenye mpini karibu na ncha. Katika nyingine iko kwenye kisanduku kidogo kilichounganishwa na plagi ya BNC.

## Kanuni ya kufanya kazi

Probu na osiloskopu huunda vigawanyaji viwili vya volteji vinavyofanya kazi pamoja: kimoja cha rezista na kimoja cha kapasita. Ishara za masafa ya chini hugawanywa na rezista, na zile za masafa ya juu hugawanywa na kapasita. Probu huwa sahihi pale vigawanyaji vyote viwili vinapotoa uwiano mmoja. Sharti hilo huandikwa hivi:

R1 × C1 = R2 × C2

ambapo:

* R1 ni rezista ya probu (megaomu 9)
* C1 ni kapasita iliyo sambamba na R1
* R2 ni ukinzani wa mlango wa osiloskopu (megaomu 1)
* C2 ni jumla ya kapasitansi ya kebo, skurubu ya kurekebishia na mlango wa osiloskopu

Kwa kuwa R1 ni mara tisa ya R2, C2 inapaswa kuwa mara tisa ya C1. Kwa mfano, C1 ikiwa pikofaradi 12, C2 inatakiwa kuwa pikofaradi 108. Skurubu ya probu hubadilisha C1 au C2, kulingana na mahali ilipowekwa, mpaka uwiano huo upatikane.

### Mfano wa hesabu

Chukua probu ambayo C1 yake ni pikofaradi 12, na kebo pamoja na skurubu vina pikofaradi 88. Probu hiyo imerekebishwa kwenye osiloskopu yenye pikofaradi 20 mlangoni. C2 ni 88 + 20 = 108, kwa hiyo sharti limetimia. Kisha probu inachomolewa na kuchomekwa kwenye osiloskopu nyingine bila kurekebishwa upya. Wimbi la volti 10 lenye masafa ya juu, kwa mfano kilohezi 100, litasomeka hivi:

* Mlango wa pikofaradi 10: C2 ni 98, na osiloskopu inaonyesha takriban volti 10.9
* Mlango wa pikofaradi 20: C2 ni 108, na osiloskopu inaonyesha volti 10.0
* Mlango wa pikofaradi 30: C2 ni 118, na osiloskopu inaonyesha takriban volti 9.2

Tofauti ya pikofaradi 10 tu inaleta kosa la asilimia 8 hadi 9. Wakati huohuo, betri ya volti 10 ikipimwa kwa probu hiyohiyo itasomeka volti 10 kwenye osiloskopu zote tatu, kwa sababu mkondo mnyoofu hugawanywa na rezista peke yake. Ndiyo maana kupima betri hakutoshi kuthibitisha kwamba probu ni sahihi.

## Sababu ya kutumia wimbi mraba

Wimbi mraba hutumika kwa sababu linachanganya mabadiliko ya haraka na vipindi vya utulivu. Ukingo wake unaopanda ghafla hupimwa na kigawanyaji cha kapasita, na sehemu yake bapa hupimwa na kigawanyaji cha rezista. Vigawanyaji visipolingana, ukingo huruka hadi kimo kimoja, kisha sehemu bapa husogea polepole kuelekea kimo kingine. Tofauti hiyo huonekana wazi kwa macho.

Masafa ya kilohezi 1 nayo yana sababu. Katika mfano uliotangulia, wenye C1 ya pikofaradi 12 na C2 ya pikofaradi 118, wimbi huhitaji takriban mikrosekunde 117 kusogea sehemu kubwa ya njia kutoka kimo cha kwanza hadi cha pili. Nusu ya wimbi la kilohezi 1 hudumu mikrosekunde 500, muda unaotosha kuona msogeo wote mpaka unapotulia. Kama wimbi lingekuwa la megahezi 1, kila nusu ingedumu mikrosekunde 0.5 tu. Msogeo usingeonekana, na probu mbovu ingetoa picha ya mraba mzuri wenye kimo kisicho sahihi.

Wimbi laini la kupanda na kushuka, kama la umeme wa nyumbani, halifai kwa kazi hii. Wimbi hilo likipita kwenye probu isiyorekebishwa hubaki na umbo lilelile. Kinachobadilika ni kimo chake na kuchelewa kwake kidogo. Hakuna kitu kwenye skrini kinachomwonya mtumiaji. Hapo ndipo hatari kubwa ya probu isiyorekebishwa ilipo: mara nyingi inatoa jibu linaloonekana safi.

## Hatua za kurekebisha

1. Washa osiloskopu na uiache ipate joto kwa muda unaoelekezwa katika kitabu chake.
2. Chomeka probu kwenye chaneli itakayotumika. Kama probu ina swichi ya 1X na 10X, iweke kwenye 10X.
3. Katika menyu ya chaneli hiyo chagua kipunguzi cha 10X. Baadhi ya osiloskopu hutambua probu zenyewe kupitia pini iliyo kwenye plagi, lakini nyingi huhitaji kuambiwa. Bila hatua hii namba zote zitakosewa mara kumi.
4. Hakikisha ukinzani wa mlango ni megaomu 1 na si omu 50, na kwamba chaneli imewekwa kupokea mkondo mnyoofu.
5. Gusisha ncha ya probu kwenye kituo cha wimbi mraba cha osiloskopu, na ubane waya wa ardhi kwenye kituo cha ardhi kilicho jirani.
6. Rekebisha kimo na muda hadi skrini ionyeshe mawimbi mawili au matatu makubwa yaliyotulia.
7. Zungusha skurubu ya probu polepole huku ukiangalia pembe za wimbi, mpaka sehemu ya juu na ya chini ziwe bapa na pembe ziwe kali.
8. Ondoa bisibisi na mkono, kisha angalia tena. Rudia kama umbo limebadilika.

Inashauriwa kutumia bisibisi ya plastiki, ambayo mara nyingi huja pamoja na probu. Bisibisi ya chuma huongeza kapasitansi yake inapogusa skurubu, hivyo wimbi linaweza kuwa zuri wakati wa kurekebisha na kuharibika bisibisi inapoondolewa.

## Kusoma umbo la wimbi

Matokeo yanayoweza kuonekana ni matatu:

* Pembe zenye mviringo. Ukingo unafika chini ya kimo chake, kisha wimbi linapanda polepole. Ishara za masafa ya juu zinapunguzwa kupita kiasi, kwa hiyo zitasomeka ndogo kuliko zilivyo.
* Pembe zenye ncha. Ukingo unapita kimo chake, kisha wimbi linashuka polepole. Ishara za masafa ya juu zitasomeka kubwa kuliko zilivyo.
* Mraba kamili. Probu imeoana na chaneli.

Mitetemo midogo ya haraka inayoonekana mwanzoni kabisa mwa ukingo haihusiani na skurubu hii. Kwa kawaida hutokana na waya wa ardhi au marekebisho ya masafa ya juu, yanayoelezwa hapa chini.

Ikiwa skurubu imezungushwa mpaka mwisho na wimbi bado si bapa, huenda probu haikutengenezwa kwa ajili ya osiloskopu hiyo. Kila probu ina kiwango cha kapasitansi inachoweza kuoana nacho, kwa mfano pikofaradi 10 hadi 35. Kapasitansi ya mlango wa osiloskopu huandikwa kando ya tundu la BNC au katika kitabu cha kifaa. Namba hizo mbili zinapaswa kulinganishwa kabla ya kununua probu ya akiba.

## Wakati wa kurekebisha

Probu hurekebishwa inapounganishwa na osiloskopu kwa mara ya kwanza, inapohamishwa kwenda osiloskopu nyingine, na inapohamishwa kutoka chaneli moja kwenda nyingine katika kifaa kilekile, kwa kuwa kapasitansi ya chaneli mbili hailingani kabisa. Mafundi wengi huvisha pete za rangi kwenye ncha zote mbili za probu ili kila moja irudi kwenye chaneli yake.

Katika maabara za shule na vyuo, ambako probu huwekwa pamoja kwenye droo moja na kutumiwa na watu wengi, ni salama kuchukulia kwamba kila probu inahitaji kuangaliwa mwanzoni mwa somo. Probu iliyoanguka au iliyokaa kwenye joto tofauti na la kawaida pia inapaswa kuangaliwa.

Probu ikiwekwa kwenye 1X haina cha kurekebishwa. Katika hali hiyo rezista ya megaomu 9 haitumiki, na saketi hubebeshwa kapasitansi yote ya kebo na mlango, takriban pikofaradi 100. Upana wa masafa nao hushuka hadi megahezi chache. Kwa hiyo 1X hufaa kwa ishara ndogo za masafa ya chini tu.

## Makosa yasiyoondolewa na urekebishaji

Mzigo kwenye saketi. Probu yenye C1 ya pikofaradi 12 na C2 ya pikofaradi 108 huiongezea saketi takriban pikofaradi 11. Katika megahezi 10, kapasitansi hiyo ni kama rezista ya kiloomu 1.5, na katika megahezi 100 ni kama omu 150 tu. Namba ya megaomu 10 iliyoandikwa kwenye probu ni kweli kwa mkondo mnyoofu pekee. Saketi nyeti, kama ile ya kristali ya saa, inaweza kubadilisha masafa au kusimama kabisa inapoguswa.

Waya wa ardhi. Waya huwa na induktansi ya takriban nanohenri 10 kwa kila sentimita. Waya wa sentimita 15 una nanohenri 150 hivi, na pamoja na pikofaradi 11 za probu hutetemeka katika masafa ya takriban megahezi 125. Ishara yenye kingo za haraka huonekana ikitetemeka hata kama saketi haina kasoro. Dawa yake ni kufupisha njia ya ardhi, kwa mfano kutumia springi fupi inayovishwa kwenye shingo ya ncha badala ya waya mrefu.

Upana wa masafa. Probu ya megahezi 100 yenye muda wa kupanda wa nanosekunde 3.5, ikiunganishwa na osiloskopu ya megahezi 100, hutoa muda wa kupanda wa takriban nanosekunde 5. Hiyo ni sawa na upana wa megahezi 70 hivi kwa mfumo mzima.

Kiwango cha volteji. Kosa la rezista halionekani katika umbo la wimbi. Linaweza kukadiriwa kwa kupima betri mpya kwa probu na kwa multimita nzuri, kisha kulinganisha namba. Wimbi mraba la osiloskopu halipaswi kutumika kama kipimo cha volteji isipokuwa kitabu cha kifaa kinaeleza usahihi wake.

## Marekebisho ya masafa ya juu

Baadhi ya probu zina skurubu za ziada ndani ya kisanduku cha BNC. Hizi husawazisha mabadiliko yanayotokea ndani ya nanosekunde chache za mwanzo wa ukingo. Haziwezi kurekebishwa kwa wimbi la kawaida la osiloskopu, kwa sababu ukingo wake mara nyingi hauna kasi ya kutosha. Zinahitaji kifaa cha kutoa ukingo wa haraka kuliko mfumo unaopimwa. Zikiguswa bila kifaa hicho, ni vigumu kuzirudisha mahali pake, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida huziacha.

## Usalama

Katika osiloskopu ya mezani, kibanio cha ardhi cha probu huwa kimeunganishwa moja kwa moja na pini ya ardhi ya plagi ya ukutani. Kibanio kikiguswa kwenye waya wenye umeme, njia fupi ya umeme hutokea kupitia probu na osiloskopu. Cheche hutoka, probu huungua, na mtumiaji anaweza kujeruhiwa. Hatari hii huwapata hasa wanaotengeneza pawasaplai za televisheni, kompyuta na chaja, ambazo upande wake wa kwanza umeungana na umeme wa ukutani.

Kukata pini ya ardhi ya osiloskopu si suluhisho, kwa sababu mwili wa chuma wa kifaa unaweza kubeba volteji ileile inayopimwa. Njia salama ni kutumia probu tofautishi iliyotengenezwa kwa volteji kubwa, au kulisha kifaa kinachotengenezwa kupitia transfoma ya kutenga.

Kilele cha umeme wa volti 230 hufika takriban volti 325. Kikomo cha volteji cha probu kinapaswa kusomwa kabla ya kupima, na ikumbukwe kwamba kikomo hicho hushuka kadiri masafa yanavyopanda.

## Historia

Osiloskopu ilitokana na bomba la miali ya kathodi lililotengenezwa na mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vifaa hivi viliongezeka kasi, na kampuni ya Tektronix, iliyoanzishwa jimboni Oregon, Marekani, mwaka 1946, ikawa miongoni mwa watengenezaji wakuu.

Kadiri kasi ilivyopanda, kebo ya probu ilileta tatizo jipya: ishara ilifika mwisho wa kebo, ikagonga na kurudi nyuma kama mwangwi, na kuchafua picha. John Kobbe na William Polits wa Tektronix walipata hataza mwaka 1959 kwa probu ambayo waya wa kati wa kebo yake una ukinzani wa makusudi unaofifisha mwangwi huo. Probu pasivu nyingi za leo bado hutumia wazo hilo. Ndiyo sababu kebo ya probu iliyokatika haipaswi kubadilishwa kwa kebo ya kawaida ya antena: skurubu ya kilohezi 1 inaweza kuonyesha mraba mzuri, lakini kingo za haraka zitaharibika.

## Tazama pia

* Osiloskopu
* Kapasita
* Rezista
* Multimita